Igizo la Mtaani Kuhusu Dawa za Kulevya na Ufukara: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Mwanza na Mialo ya Ziwa

Vikundi vingi vinavyoigiza kuhusu dawa za kulevya huku kwetu vinakwama mahali palepale. Watu wanajaa. Teja anapepesuka, wanacheka. Teja anakufa, wanasikitika. Mgeni rasmi anashukuru, spika zinapakiwa kwenye bajaji, na kesho yake kijiwe kiko vilevile. Kijana aliyesimama nyuma kabisa, ambaye hasa mchezo ulikuwa wake, ameambulia kuchekwa hadharani. Kisha viongozi wa vikundi wanauliza: mbona majadiliano hayaanzi?

Hayaanzi kwa sababu mchezo umeshajibu kila kitu. Mkimuua mhusika mwishoni, mmefunga kesi na kutoa hukumu. Mtazamaji hana la kuongeza zaidi ya "inasikitisha".

Mwongozo huu ni wa igizo la namna nyingine: fupi, linaloishia pabaya, kisha linachezwa upya huku watazamaji wakiruhusiwa kulisimamisha na kuingia wenyewe kujaribu njia nyingine. Mbrazili Augusto Boal ndiye aliyeujenga mfumo huu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya jirani na huu na wanakijiji wa Malya, Kwimba. Historia tuiache hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Watu wanane hivi. Waigizaji watano au sita, mchokoza mada mmoja (anayeongoza mazungumzo kati ya jukwaa na hadhira), na mwandishi mmoja wa kumbukumbu. Mkizidi hapo nauli na chakula vitawashinda mapema. Angalau wawili wawe wanaijua hali hiyo kwa maisha yao, iwe wamewahi kutumia au wamelea mtu anayetumia. Bila wao mtaigiza teja wa kwenye vichekesho.

Mchokoza mada. Huyu ndiye mhimili, na ndiye anayechaguliwa vibaya kuliko wote. Vikundi humpa kazi hii mshereheshaji mwenye sauti kubwa. Mchagueni mtu anayeweza kunyamaza, anayejua Kiswahili cha kijiweni na cha ofisini, na anayeelewa Kisukuma. Kwenye mialo (bandari ndogo za wavuvi) ya Ukerewe kuwa na mtu anayesikia Kikerewe au Kijita kunasaidia sana.

Vifaa. Vigoda viwili, beseni, kipande cha wavu, kanga, gunia, daftari la kaunta. Basi. Msitumie sindano halisi, wala karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, wala unga wowote mweupe. Kwa mtu aliyeacha hivi karibuni, kuviona tu kunaweza kuamsha hamu ya kutumia.

Mtu wa kliniki. Zungumzeni mapema na mhudumu wa afya. Kwa Mwanza, huduma ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Siku ya onyesho patakuwa na atakayeuliza "niende wapi?", na jibu lazima liwepo pale pale uwanjani.

Fedha kidogo. Nauli, maji, na chakula cha siku za mazoezi. Mwigizaji ambaye ni kibarua akija mazoezini ameacha riziki ya siku hiyo. Kikundi kinachoigiza ufukara huku kikiwatumia watu bure kitasambaratika kabla ya onyesho la pili.

## Hatua ya 1: Sikilizeni kabla ya kuandika neno

Chukueni wiki mbili. Nendeni kwa jozi, mmoja akiwa mwenyeji wa eneo: Mwaloni Kirumba (soko la samaki), Igogo, Mabatini, au mwalo wowote mliouchagua. Kaeni kwa mama lishe, nunueni chai, ulizeni kuhusu siku ya mtu inavyokwenda tangu alfajiri.

Maswali yenye faida ni ya pesa na saa. Umeamka saa ngapi? Umepata ngapi kwa kubeba? Ya kwanza ilikwenda wapi? Nani ulikuwa unamdai, nani alikuwa anakudai? Ukiuliza "kwa nini unatumia?" utapewa jibu ambalo amelizoea kuwapa watu wa semina. Ukiuliza saa kumi na moja alfajiri alikuwa wapi, utasikia arosto (maumivu ya kukosa dawa), utasikia tajiri wa mtumbwi, utasikia kwa nini kete, yaani kipimo kimoja cha dawa, inatangulia chai.

Yako mambo matatu ya kuepuka kabisa. Usiulize nani anauza. Usirekodi sauti wala kupiga picha. Usiandike jina la mtu. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kukutwa na dawa hizo ni kosa la jinai, kwa hiyo daftari lenye majina ni hatari kwa waliowaamini. Pia ni hatari kwenu, kwa sababu muuzaji akisikia mnaulizia majina hatajali kwamba ninyi ni wasanii.

*Mmefanikiwa* mkianza kusikia kisa kilekile kutoka kwa watu wasiofahamiana.

## Hatua ya 2: Chagueni fundo moja, na mjue ufunguo uko kwa nani

Hapa ndipo maigizo mengi hufia, kabla hata ya mazoezi. "Madhara ya dawa za kulevya" ni somo la darasani. "Umaskini" ni hali ya hewa. Kwenye jukwaa mnahitaji fundo: mahali mahususi ambapo mtu anataka kitu, kuna kinachomzuia, na yupo mtu mwenye uwezo wa kulegeza.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Methadoni hutolewa bila malipo. Kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, hasa miezi ya mwanzo. Sasa mchukue kijana anayebeba mizigo Mwaloni. Kazi za kubeba zinagawiwa alfajiri. Anayechelewa hana kibarua siku hiyo. Akienda kliniki asubuhi amepoteza kazi. Akienda kazini amekosa dozi. Na nauli ya kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, inatoka kwenye kazi ileile aliyoikosa. Dawa ni ya bure lakini kuifikia kunagharimu siku nzima.

Hilo ni fundo. Liko kati ya sera ya afya, utaratibu wa soko na mfuko mtupu, na lina watu wa kulegeza: dalali anayegawa kazi, uongozi wa mwalo, familia, mtendaji wa mtaa, Polisi Kata.

Lipimeni fundo lenu kwa maswali mawili. Je, mtu wa kawaida uwanjani anaweza kujaribu jambo hapa? Je, kuna ofisi au mtu mwenye jina la cheo anayeweza kusema ndiyo? Jibu la lolote likiwa hapana, tafuteni fundo lingine. Kwa walio upande wa Sirari na Musoma, mirungi inaweza kuwa fundo zuri: ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni zao la biashara lililo halali, huku ni dawa ya kulevya iliyokatazwa. Mama anayeibeba kwenye kapu kwa ajili ya ada ya mtoto tayari ni mchezo. Ila kupinga au kuunga mkono sheria yenyewe kusiwe ndilo swali la onyesho lenu la kwanza, kwa sababu hakuna mtu uwanjani mwenye uwezo wa kuibadilisha jioni hiyo. Anzeni na kinachobadilika mtaani, kisha mpande ngazi.

## Hatua ya 3: Tungeni mchezo wa dakika 20 unaoishia pabaya

Msiandike maneno ya kukariri. Andikeni kiunzi, waigizaji wajaze wakisimama. Mtazamaji atakayeingia baadaye hatakuwa na karatasi, na mwigizaji aliyekariri atababaika pale pale.

Kiunzi cha mfano wetu, tumwite mhusika Masanja:

Onyesho la kwanza: alfajiri, nyumbani. Mama anafunga kanga aende kuanika dagaa. Masanja ana wiki mbili kliniki. Anaomba nauli. Mama anayo, lakini ni ya unga wa ugali. Hakuna mbaya hapa. Wote wana haki.

Onyesho la pili: Mwaloni. Masanja anafika akiwa amechelewa, anamkuta dalali anayegawa kazi.

— Shikamoo, tajiri.

— Marahaba. Lori limeshajaa. Jana ulikuja saa tatu, leo saa tatu. Mimi nafanya kazi na watu wa alfajiri.

— Nilikuwa hospitali, tajiri.

— Kila siku hospitali? Unaumwa nini kisichoisha?

Hapo Masanja ana sekunde tatu za kuamua kusema au kunyamaza. Ananyamaza.

Onyesho la tatu: kijiweni. Rafiki wa zamani ana pesa, ana kete, na ndiye mtu wa kwanza siku hiyo aliyemuuliza Masanja kama amekula. Msimfanye shetani. Mkimfanya shetani, kila mtazamaji atasema "aachane na marafiki wabaya" na mjadala umekwisha. Huyu ndiye pekee aliyemnunulia chapati.

Onyesho la nne: jioni. Polisi jamii wanapita kijiweni, wanakamata waliopo. Masanja hana kitu mfukoni, lakini anajulikana kuwa ni teja. Kesho asubuhi dozi itampita akiwa mahabusu. Mama anasimama mbele ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji anaangalia saa. Mchezo unasimama.

Angalieni kilichofanyika. Kila onyesho lina mlango: dakika ambayo mtu angeweza kufanya vingine. Mama, dalali, rafiki, polisi jamii, mtendaji, na Masanja mwenyewe. Hesabuni milango yenu. Ikiwa chini ya mitatu mjadala utakauka. Ikizidi sita watu hawatajua waingilie wapi.

Sasa maonyo. Msioneshe namna ya kutumia dawa. Mtu anaweza kuigeukia hadhira mgongo kwa sekunde mbili na kila mtu akaelewa. Msitumie kisa cha mtu mmoja kilivyo, hata kama ameruhusu. Mwanza ni jiji, lakini mwalo ni kijiji, na watu watamtambua kwa aina ya kofia tu. Changanyeni visa vitatu vipate kuwa kimoja. Na teja wenu asipepesuke. Mtu wa arosto hapepesuki kama mlevi wa gongo: ana kamasi, anapiga miayo, anajikunyata, tumbo linamkata, hawezi kutulia. Mkipata hilo sawasawa kicheko kitakatika chenyewe, na yule wa nyuma atasogea mbele.

*Mmefanikiwa* mkimchezea mtu asiye wa kikundi, na kabla hamjamuuliza chochote akasema, "Lakini yule dalali naye angeweza…"

## Hatua ya 4: Vibali

Anzeni wiki tatu kabla.

Kwanza jueni mko halmashauri gani. Kirumba na Mwaloni ni Manispaa ya Ilemela. Igogo, Mabatini na Makoroboi ni Jiji la Mwanza. Barua iliyokwenda halmashauri isiyohusika itawagharimu wiki nzima. Nendeni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri husika. Yeye ndiye atakayewaelekeza kuhusu usajili wa kikundi BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kibali cha mchezo wa jukwaani, ambao kisheria uko chini ya Bodi ya Filamu. Kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, na kama ni mwaloni, uongozi wa soko na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi). Taarifa ya mkusanyiko iwafikie polisi kwa maandishi, si chini ya saa 48 kabla. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na siku ya onyesho mzibebe zote.

Kwenye barua semeni ukweli: ni igizo la kujadili vikwazo vya matibabu na kipato kwa vijana. Msifiche. Na hapo hapo mwalikeni mtendaji na Polisi Kata kama watu watakaoulizwa maswali. Wakubaliane nanyi jambo moja mapema: siku hiyo hakuna kukamata mtu uwanjani kwa sababu ya alichosema. Mkiona hawakubali, badilisheni mahali au mpango. Msiwaite watu kuja kujieleza kwenye mtego.

## Hatua ya 5: Mazoezi ya kubanana

Wiki mbili, mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara. Mchezo wenyewe mtaumaliza siku nne za kwanza. Zinazobaki ni za kazi ngumu: kujifunza kuzuia.

Mtazamaji akiingia nafasi ya Masanja na kumwambia dalali, "Tajiri, niko kwenye matibabu, naomba nianze saa tatu," mwigizaji mchanga humwonea haya na kusema "sawa, njoo". Mtu anapigiwa makofi, anarudi kukaa, na hakuna aliyejifunza kitu. Dalali wa kweli hasemi sawa. Ana lori linasubiri, ana sangara wanaoharibika, ana vijana arobaini wanaotaka nafasi hiyo. Mwigizaji lazima azijue sababu hizo kiasi cha kuweza kuzitetea hadi jasho limtoke.

Lakini pia asiwe mwamba. Mtazamaji akileta hoja inayougusa upande wake kweli, alegee kidogo. Mfano, mtu akisema: "Tajiri, usinipe lori la alfajiri. Nipe kupanga magunia ya mchana, kazi ambayo vijana wako wanaikimbia kwa jua." Hiyo ina faida kwa dalali. Alegee hapo, tena kwa masharti.

Fanyeni zoezi hili: mmoja wenu awe mtazamaji msumbufu. Aingie na pesa za kufikirika ("nimeokota laki moja"). Aingie akiwa amelewa. Aingie na kuanza kuhubiri. Aingie ampige rafiki wa kijiweni. Mchokoza mada ajifunze kumpokea kila mmoja bila kumdhalilisha.

Kuhusu wenzenu waliowahi kutumia: wasilazimishwe kucheza Masanja. Wengi hucheza dalali au mtendaji vizuri ajabu, maana wamewasoma watu hao kwa miaka. Baada ya kila zoezi kaeni dakika kumi, mtu aseme jina lake mwenyewe na jambo moja atakalofanya jioni, ndipo muachane. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mtu asirudi nyumbani akiwa bado ndani ya Masanja.

*Mmefanikiwa* mkiweza kuucheza mchezo huku mkikatizwa mara tano na bado mkajua mlipoishia.

## Hatua ya 6: Siku, saa na mahali

Kwa mialo ya dagaa, angalieni mwezi kabla ya kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika na wavuvi wako nchi kavu, wana muda na wengine wana pesa za kumalizia mahali. Hizo ndizo siku zenu. Mkienda mwezi ukiwa mchanga mtacheza mbele ya watu waliolala.

Saa 10 jioni ni nzuri, ili mmalize kabla jua halijazama. Asubuhi soko halina nafasi kwa mtu, na usiku kijiwe kina wenyewe. Tafuteni mahali ambapo watu hupita kwa kawaida, penye kivuli, na pasipokuwa mlangoni pa baa wala pa kituo cha polisi. Hadhira ikae nusu duara, na mstari wa mbele ukae chini ili hatua za kuingia jukwaani ziwe chache. Jukwaa la kupanda ngazi linaua ushiriki.

Kuita watu, ngoma inatosha. Bugobogobo na majembe yake inajaza uwanja kwa robo saa. Ila kubaliana na wachezaji wa ngoma kabla: dakika 15, kisha kimya. Wasukuma wakishakolea, igizo lenu litaonekana ndilo linalokatisha burudani.

Watoto watakuja, mtake msitake. Wapangieni mtu wa kuwakusanya pembeni kwa michezo.

## Hatua ya 7: Onyesho lenyewe

Mchezo wa kwanza uchezwe mfululizo bila kukatizwa. Mama anasimama mbele ya mtendaji, mtendaji anaangalia saa, kimya. Msipige muziki hapo.

Mchokoza mada anaingia. Asifafanue mchezo. Aulize: "Haya mnayajua?" Asubiri. Kisha: "Yameishia hivi. Kuna aliyeona mahali ambapo yangeweza kwenda vingine?" Asubiri tena. Ukimya wa nusu dakika uwanjani unatisha, na wachokoza mada wengi huujaza kwa maneno yao. Anayeujaza amempora mtu zamu.

Kisha sheria tatu, kwa sauti: tunacheza upya, ukiona mlango sema "Simama!", njoo ukae nafasi ya mtu mmoja ujaribu. Hakuna kumbadilisha mtu awe malaika, hakuna pesa za kuokota, hakuna kupigana.

Mtu wa kwanza mara nyingi atatoa ushauri akiwa ameketi: "Yule kijana awe na msimamo." Jibu ni moja: "Njoo umuoneshe." Akikataa, mwambie amnong'oneze mwigizaji, mwigizaji ajaribu kwa niaba yake. Wanawake wengi mwaloni huanzia hapo. Mama akishaona neno lake limechezwa, mara ya pili ataingia mwenyewe. Nimeona mama mwanika dagaa akiingia nafasi ya mama wa Masanja na, badala ya kumtetea mwanawe kwa mtendaji, akamuuliza mtendaji: "Baba, nani alikuandikia kwamba mtoto wangu ni mhalifu? Nioneshe." Mwigizaji akakosa jibu kweli. Uwanja ukalipuka.

Kila jaribio likiisha, maswali mawili kwa hadhira: "Kuna kilichobadilika?" na "Hili linawezekana hapa kwetu, kesho asubuhi?" La pili ndilo linalotenganisha ndoto na mpango. Mwandishi wa kumbukumbu aandike jibu, si sifa za aliyejaribu.

Majaribio manne hadi sita yanatosha. Yakifika hapo, mgeukieni mtendaji, Polisi Kata au kiongozi wa mwalo aliyepo. Asipewe nafasi ya hotuba. Apewe swali lililotoka kwenye mchezo: "Mzee, kijana mwenye kadi ya kliniki akikutwa kijiweni, inawezekana apelekwe dozi yake kwanza ndipo mambo mengine yafuate?" Ndiyo, hapana, au nitauliza. Yote matatu ni majibu, yaandikwe mbele yake.

Maonyo ya dakika hiyo:

- Mtu akianza kuungama ("mimi mwenyewe natumia, nanunua kwa…") mkatishe kwa upole kabla hajafika kwenye majina: "Asante ndugu yangu, hilo tutaongea mimi na wewe pembeni." Jukwaa halina kinga ya kisheria.
- Mtu akimtaja jirani kwa jina, rudisheni neno kwa mhusika: "Tunamzungumzia Masanja."
- Waigizaji wakiwa ndani ya mchezo wanaweza kusema "teja". Mchokoza mada asiseme. Aseme "anayetumia" au "aliye kwenye matibabu".
- Mtu akitokwa na machozi au akatetemeka, yule mhudumu wa afya amfuate, si umati.

Mhudumu asimame mahali panapoonekana, bila meza yenye bango kubwa. Anayetaka kumuuliza asitangazwe kwa kumwendea.

*Mmefanikiwa* watu wakiendelea kubishana wakati mnakusanya vigoda. Makofi peke yake msiyahesabu.

## Hatua ya 8: Barua ndani ya siku saba

Kikundi kinachoishia kwenye makofi kimefanya burudani. Kwenye daftari mtakuwa na mapendekezo kama kumi. Chagueni matatu yaliyopata "inawezekana kesho". Kila moja liandikwe kwa sentensi moja, likiwa na cheo cha mwenye uwezo wa kulitekeleza na tarehe ya kufuatilia.

Kwa mfano wetu: uongozi wa mwalo utenge kazi za mchana kwa vijana wenye kadi ya kliniki. Mtendaji wa mtaa na Polisi Kata wakubaliane utaratibu wa dozi kwa aliyekamatwa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akutane na vijana walio kwenye matibabu kuwaeleza namna ya kuunda kikundi na kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu.

Barua iende kwa mtendaji wa kata, na ombi liwe kwamba iingie kwenye ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Nakala iende kwa diwani mwenyewe. Msidharau njia hii kwa kuwa ni ya makaratasi. Boal alipokuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro, kuanzia 1993 hadi 1996, maigizo ya namna hii ya mitaani yalizaa sheria 13. Zilianza kwa mtu kuandika kilichosemwa uwanjani na kukipeleka kwenye meza.

Msiambatishe picha za hadhira. Msitaje nani alisema nini.

## Hatua ya 9: Rudini

Baada ya mwezi mmoja hadi miwili, rudini uwanja uleule, siku za mbalamwezi. Chezeni onyesho moja tu, lile lililogusa zaidi, likiwa limebadilishwa kwa kilichotokea. Kama uongozi wa mwalo ulikubali kazi za mchana, dalali wa jukwaani aseme hivyo, kisha onesheni ugumu mpya, maana utakuwepo: malipo ya mchana ni madogo, wenzake wanamcheka, kadi ya kliniki imekuwa alama usoni. Kama hakuna kilichojibiwa, chezeni hilo: mama na nakala yake yenye muhuri, akizungushwa kutoka ofisi hii hadi ile. Mtendaji aliyealikwa atajiona, na mara nyingi atasimama kujieleza bila kuitwa.

Safari hii mchokoza mada awe mtu wa mwalo huo, yule aliyeingia jukwaani mara ya kwanza na kukaza. Mpeni mazoezi wiki moja kabla, na kiongozi wenu wa zamani asimame nyuma yake bila kusema kitu. Akifanya vizuri, mwachieni daftari, kiunzi cha mchezo na nakala za barua, ninyi mwende mwalo mwingine.